Mdada wa Toronto na Chupa Zake za Niagara: Ushamba Uko Wapi Hapo?

Kuna mdada mmoja wa Kibongo, jina kapuni, anaishi Toronto na kila Ijumaa anaposti chupa yake ya mvinyo. Hana mbwembwe. Meza ya kawaida, glasi moja, samaki wa kukaanga na kachumbari pembeni, na maneno mawili matatu kuhusu alichokunywa. Juzi kati yamemkuta. Kwenye birthday ya staa mmoja wa mitandaoni anayekula bata hukohuko, naye kapuni, wageni wamekuja na chupa za Ufaransa zenye majina ya kung'ata ulimi, yeye kaja na Cabernet Franc ya Niagara. Picha zikapostiwa, chupa yake ikakatwa kwenye fremu. Halafu vijembe vikaanza: mkono wa birika huyo, anakunywa vya bei chee, na kwani Canada kuna nini zaidi ya theluji?

Hilo la theluji ndilo linalochekesha kuliko yote, maana baridi ndiyo iliyoipa Canada jina kwenye mvinyo. Wanaouponda hawajui kwamba kuna mvinyo unaoitwa Icewine, na Canada ni kati ya watengenezaji wakubwa duniani. Zabibu hazichunwi zikiiva. Zinaachwa palepale kwenye mzabibu, zimefunikwa nyavu ndege wasizimalize, mpaka baridi ishuke hadi nyuzi 8 chini ya sifuri au zaidi. Hapo wavunaji wanaingia shambani, mara nyingi usiku wa manane, vidole vimekufa ganzi, na zabibu zinakamuliwa zikiwa bado zimeganda. Maji yanabaki humo kama barafu, kinachotoka ni matone mazito yenye utamu na uchachu kwa pamoja. Mwaka 1991 kiwanda cha Inniskillin cha Niagara kilipeleka Icewine yake ya mavuno ya 1989 kwenye maonyesho ya Vinexpo, kikabeba tuzo ya juu kabisa. Maonyesho yenyewe yalikuwa Bordeaux. Ndiyo, Ufaransa, kwa wenyewe.

Na kama hoja ni bei, chupa ndogo ya mililita 375 ya hiyo kitu inaweza kuvuka dola 50. Nusu chupa hiyo! Mkono wa birika haiwezi.

Lakini mdada mwenyewe Icewine anainywa kwa nadra, na yuko sahihi. Ni tamu mno kwa maisha ya kila siku, kidogo baada ya chakula inatosha. Yeye ni mtu wa zamu, wiki nzima yuko kwenye nyumba ya kulelea wazee, Ijumaa anapita duka la pombe la serikali, LCBO, anachukua Riesling ya dola 15 hadi 20 anarudi zake nyumbani. Riesling ya Niagara ina ukali wa ndimu, na ile yenye utamu kidogo inatuliza pilipili vizuri sana. Samaki wake na kachumbari vinaelewana nayo kuliko vinavyoelewana na mvinyo mwekundu mzito wa Bordeaux, ambao ukikutana na pilipili kila mmoja anaharibu ladha ya mwenzake. Siku ya pilau anafungua Gamay. Siku ya nyama choma anafungua Baco Noir, mvinyo mweusi wenye moshimoshi ambao wajuaji wa Ulaya wanaudharau kwa kuwa zabibu yake ni chotara. Mbuzi wa kuchoma hajali ukoo wa zabibu.

Tuwe wakweli lakini, sifa mbaya ya mvinyo wa Canada haikutoka hewani. Miaka ya nyuma Ontario ilitengeneza sana mvinyo wa zabibu za asili ya Amerika Kaskazini, ladha yake ikifanana na juisi kuliko mvinyo. Ulipokuja mkataba wa biashara huria na Marekani mwaka 1988, wakulima wakaona hawatatoboa hivyo. Mizabibu mingi ya zamani iking'olewa, ikapandwa mingine ya aina za Ulaya, na mwaka huohuo ukaanzishwa mfumo wa ubora wa VQA. Kwa Ontario, chupa yenye herufi hizo maana yake zabibu zote zimetoka Ontario na mvinyo umeonjwa na kupimwa kabla ya kuingia sokoni.

Hapa ndipo wengi wanapopigwa. Kuna chupa za bei ya chini zenye jina la kampuni ya Canada na picha ya ziwa, mtu anabeba akijua kaunga mkono mkulima wa pale. Geuza chupa, soma maandishi madogo nyuma. Ukikuta imeandikwa kwamba ni mchanganyiko wa mvinyo wa nje na wa ndani, basi kwa Ontario sheria imedai asilimia 25 tu ya ndani. Zilizobaki zinaweza kuwa zimekuja na meli. Mdada anageuza kila chupa, hata akialikwa nyumbani kwa mtu, tabia inayokera kidogo mezani lakini inamwokoa. Kama anayemcheka angefanya hivyo na chupa zake mwenyewe, mijadala mingi ingekwisha mapema.

Nayo haina maana kwamba kila cha pale ni kizuri. Mwaka wa baridi jua likiwa chache, mvinyo mwekundu wa Niagara unaweza kuwa mwembamba na mkali wa kukunja uso. Ziwa Ontario linasaidia, linatunza joto la kiangazi na kupunguza makali ya baridi kwenye mashamba ya karibu, ila haliwezi miujiza. Kule Prince Edward County wanafukia mizabibu kwa udongo kila mwaka kabla ya majira ya baridi, halafu wanaifukua tena majira ya kuchipua. Kazi ya jembe hiyo, ndiyo maana Pinot Noir yao haiuzwi bei ya soda.

Na yaliyowakuta wenzao wa magharibi ndiyo yanafanya vijembe hivi vinuke zaidi. Bonde la Okanagan, British Columbia, ndiko ulikofunguliwa mwaka 2002 Nk'Mip, kiwanda cha kwanza cha mvinyo Amerika Kaskazini kumilikiwa na wenyeji wa asili. Januari 2024 baridi kali ilishuka ghafla, ikaua machipukizi na kufuta karibu mavuno yote ya mwaka ule. Serikali ya jimbo ikabidi iruhusu viwanda viagize zabibu kutoka nje ili visifunge. Mzabibu ukipandwa upya unachukua kama miaka mitatu kutoa mavuno ya maana. Mkulima wa namna hiyo anaishi kwa wateja wa Ijumaa, wale wa chupa moja moja, mwaka hadi mwaka. Posti ya birthday haimlipii mkopo.

Machi 2025, kwenye ugomvi wa ushuru na Marekani, LCBO ikaondoa pombe zote za Marekani kwenye rafu. Ghafla kila mtu Toronto akawa mzalendo, bendera kwenye kila posti, na baadhi ya waliokuwa wanamcheka mdada wakaanza kupiga picha na Niagara kana kwamba wameigundua wao. Yule staa mwenyewe inasemekana alikuwemo. Miezi michache tu, bata likarudi Ufaransa.

Hakuna ubaya na mvinyo wa Ufaransa. Burgundy nzuri ni nzuri, hata mdada anakiri, na mwenye hela yake ainywe. Kinachokera ni mtu anayelipia karatasi ya nje ya chupa, hajui ndani kuna zabibu gani, halafu anamkata mwenzake kwenye picha mbele ya watu aliowalisha pilau. Aliyepoteza pale si mdada wa nyumba ya wazee. Alileta chupa aliyoichagua kwa kuijua, kwa hela ya zamu zake, na inasemekana ndiyo iliyoisha kwanza mezani. Za Ufaransa mbili zilibaki zimejaa nusu.

Walewale huku Bongo ndio wanaoubeza wa Dodoma bila kuuonja, ila hiyo ni ngoma ya siku nyingine. Kwa aliye Toronto na ametimiza miaka 19 ya sheria ya Ontario: gari liache nyumbani, panda treni ya GO uelekee Niagara Jumamosi moja, omba kuonja kidogo kidogo, Riesling kwanza kisha Cabernet Franc. Ukimaliza, rudi na vijembe vyako kama bado vipo.