JINA JIPYA HALIBADILISHI HUKUMU: Maneno na mizaha ya magrupu ya uwekezaji



Ndugu zangu katika imani, malipo ya kahawa yakitoka huku Kigonsera na Mbinga yote, kila familia ina hesabu yake: bati, mbolea ya msimu ujao, ada ya mtoto. Siku hizi kuna mgeni mwingine anayeisubiri fedha hiyo. Ni grupu la WhatsApp au Telegram la "uwekezaji", lenye stika zake, vichekesho vyake na lugha yake.

Leo sitatoa hukumu ya kila biashara ya mtandaoni. Nataka tuitazame hiyo LUGHA, kwa sababu vijana wengi wananaswa na maneno kabla ya kunaswa na fedha.

Sikiliza wanavyozungumza. Kijana aliyepoteza mtaji wote haambiwi amepoteza, anaambiwa "ameunguza akaunti", kama vile moto ulijiwasha wenyewe. Akisikitika, wanamwambia "umelipa ada ya soko", kisha zinafuata stika za kucheka. Akipata kidogo, "amevuna". Anayeuliza leseni iko wapi ni "muoga" au "ana akili ya kimaskini". Ukizoea lugha hii miezi miwili, fedha ya kahawa ya baba yako inageuka kuwa namba tu za kuchezea.

Ndugu yangu, mchezo huu wa maneno ni wa zamani. Katika Surat al-Baqara, aya ya 275, Allah anatueleza hoja ya wala riba: walidai kwamba biashara na riba ni kitu kimoja. Waliisogeza haramu karibu na halali kwa ulimi, na Allah akatenganisha: biashara ameihalalisha, riba ameiharamisha. Na katika Sunan Abi Daud, Mtume ﷺ ametutahadharisha kwamba watakuja watu watakaokunywa pombe huku wakiiita kwa jina lisilo lake. Wanazuoni wakachukua hapo somo kubwa: hukumu inafuata kitu chenyewe, haifuati jina.

Tazameni mifano.

KWANZA, huko kwa wenzetu. Desemba 2013 mtu mmoja aliandika mtandaoni kwamba haziuzi Bitcoin zake, anazishikilia. Kwa maneno yake mwenyewe alikuwa amelewa, akakosea herufi, neno likatoka HODL. Kosa la mlevi likawa kaulimbiu ya dunia nzima, na leo kuna kijana anayeswali swala tano analiandika kama wasia wa mwenye hekima! Januari 2021, huko Marekani, watu wa Reddit walizikimbilia hisa za duka la michezo ya video, GameStop. Waliitana nyani kwa mzaha, wakasifu "mikono ya almasi" ya asiyeuza, wakasema hisa inakwenda mwezini. Tarehe 28 bei iligusa dola 483. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Februari, ilikuwa chini ya dola 100. Wapo waliotoka mapema na faida. Aliyenunua kule juu na kuona aibu kuuza, kwa kuogopa kuchekwa, alibaki na almasi ya maneno.

PILI, hapa kwetu. Wakubwa mnaikumbuka DECI. Fedha uliyotoa iliitwa "mbegu". Ulikuwa "unapanda", kisha "unavuna". Kwa mkulima, neno gani tamu kuliko hilo? Lakini mbegu ya mahindi inapata mvua na udongo. Ile "mbegu" haikuwa na shamba: aliyetangulia alilipwa kwa fedha ya aliyefuata. Serikali iliisimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani viongozi wake. Leo neno "kuvuna" limerudi kwenye simu. Shamba liko wapi?

TATU, nyumbani kabisa. Hapa Mbinga tuna "magoma". Mwenye fedha anamfuata mkulima wakati wa njaa, anampa fedha kidogo, na kahawa ikiiva anachukua mzigo wenye thamani kubwa mno kuliko alichotoa. Kagera wanaita butura. Mtwara na Lindi, kununua korosho kwa bei ya kumuumiza mkulima nje ya mfumo rasmi wanaita kangomba. Majina yanasikika kama ngoma na michezo, na kilichomo ndani ni dhiki ya mtu. Mtume ﷺ amekataza kuuza matunda kabla hayajaonyesha kukomaa, hadithi iko kwa Bukhari na Muslim. Kulipa kabla kunaruhusiwa kwa mkataba wa salam, nao una masharti: bei ilipwe yote, kipimo kijulikane, muda ujulikane, na mauzo yasifungwe kwenye miti ya shamba fulani. Je, magoma yanatimiza hayo?

Sasa mtu ataniuliza: shekhe, kwa hiyo misimu na utani vyote ni haramu? Hapana. Watu wetu wana neno "kausha damu" kwa mikopo ya riba inayomkamua mama wa genge hadi anauza sufuria. Hilo nalo ni neno la mtaani, lakini limetungwa na aliyeumia, na linasema kweli kuliko tangazo lolote.

Hapa ndipo penye kipimo ninachotaka uondoke nacho: kuna neno la mtaani LINALOFUNUA na kuna neno LINALOFUNIKA. "Kausha damu" linamfunua mkopeshaji. "Mbegu", "kuunguza" na "ada ya soko" yanamfunika aliyechukua fedha yako.

Na utani ni hivyo hivyo. Mtume ﷺ alitania. Mtu alimwomba mnyama wa kupanda, akamwambia atampandisha juu ya mtoto wa ngamia. Yule mtu akashangaa, mtoto wa ngamia atanibeba vipi? Akakumbushwa kwamba kila ngamia amezaliwa na ngamia. Utani, na kila neno ndani yake ni kweli. Ama anayesema uongo ili watu wacheke, amepewa onyo kali, nalo limo katika Sunan Abi Daud na Tirmidhi. Basi wewe unayesambaza picha ya faida ya kutunga, "nacheka tu na wana", ukijua kuna mtu ataiamini na kuweka fedha, jiangalie. Kupandisha bei kwa kujifanya unataka kununua kunaitwa najshi, nako kumekatazwa.

Nakuusia mambo matatu:

1. Kabla ya kutuma fedha, mweleze mama yako au mkeo jambo hilo kwa Kiswahili cha kawaida, bila neno hata moja la grupu: namlipa nani, anafanya nini na fedha hiyo, faida inatoka wapi, na nikikosa nimekosa kiasi gani. Ukishindwa kueleza, usitume.

2. Uliza leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, kisha muulize mwanachuoni. Leseni haihalalishi riba, na kanzu ya admini si leseni.

3. Aliyepoteza, aseme. Mficha maradhi, kilio humfichua. Nanyi mnaomsikia, msimcheke. Surat al-Hujurat, aya ya 11, imetukataza kudharauliana na kuitana majina mabaya. Kijana anayechekwa leo anakwenda kukopa kausha damu usiku ili arudishe alichopoteza, na deni hilo litalipwa na kahawa ambayo bado ni ua mtini.

Allah atupe rizki ya halali, atulinde na riba na hadaa, na atupe ndimi za ukweli hata katika mizaha yetu. Aamin.

Wallahu a'lam. Mfikishie na nduguyo aliye kwenye grupu.