Madaha ya Okocha Yalikuwa Kazi

Wanachama wenzetu, twajua ya kuwa karatasi hii haikuanzishwa kwa ajili ya mpira wa miguu, na ya kuwa wako watakaonung'unika wakiona nafasi yote hii imetolewa kwa mchezaji wa Nigeria badala ya habari za mishahara na nyumba. Twawaomba radhi, walakini hatuirudishi kalamu nyuma. Jambo tunalotaka kulinena ni namna kazi ya mtu inavyopimwa, na hilo hakuna mtumishi asiyelijua kwa uchungu.

Limekuwa likisemwa mabarazani, tena na watu wenye busara zao, kwamba Augustine Okocha, aitwaye Jay-Jay, alikuwa mchezaji wa kufurahisha macho tu. Alijua madaha, hakujua kazi. Watu hao husema, hesabuni vikombe alivyoleta katika timu za Ulaya, mtaona ni vichache. Sisi twaona hukumu hiyo si ya haki.

Okocha alizaliwa Enugu mwaka 1973. Mpira alijifunza mitaani, kwa kitu cho chote kilichokuwa mviringo, kisha akaingia timu ya Enugu Rangers. Mwaka 1990 alikwenda Ujerumani kumtembelea rafiki yake aliyekuwa akicheza katika timu ndogo ya Borussia Neunkirchen. Akaomba ruhusa afanye mazoezi pamoja nao, na mwalimu wa timu alipomwona akamtaka abaki. Hivyo mtu aliyekwenda kutembea akapata ajira, jambo ambalo kwetu sisi tuliozoea kuandika maombi kwa nakala tatu laonekana kama hadithi za Abunuwasi. Kutoka hapo akapita Saarbrücken, na mwaka 1992 akaingia Eintracht Frankfurt.

Ndipo likaja goli ambalo wanaomshitaki hulitaja kwanza. Mwezi wa Agosti 1993 Frankfurt walicheza na Karlsruhe, na golikipa wa Karlsruhe alikuwa Oliver Kahn, ambaye baadaye alikuwa nahodha wa Ujerumani. Dakika za mwisho Okocha alipata mpira ndani ya eneo la adhabu, naye angaliweza kupiga mara moja kama wafanyavyo wengine. Hakupiga. Aligeuka huku, akageuka kule, Kahn akalala chini, akainuka, akalala tena. Mabeki wakaja mbio, wakampita kama watu waliokosa njia. Na walipokwisha kutawanyika wote ndipo akautia mpira wavuni. Watazamaji wa televisheni ya Ujerumani walilichagua kuwa goli la mwaka. Lakini tulitazame tena polepole. Kila alipojifanya kupiga, mlinzi mmoja aliondoka katika njia ya mpira. Mwisho wake, hakuna aliyesalia mahali alipopaswa kuwapo. Mwenye kuona mchezo wa kitoto hapo hakuhesabu watu.

Na hiyo ndiyo kazi ya kiungo mwenye chenga. Beki mmoja akishindwa kumwondoa mpira miguuni, hana budi kuja wa pili kumsaidia. Na wa pili akija, yuko mchezaji mmoja wa upande wa pili aliyeachwa bila mtu. Hesabu hii haihitaji chuo kikuu. Okocha alikuwa akisimama na mpira kana kwamba amesahau la kufanya, huku akiwangoja hao wawili. Hata siku ile alipomrushia mpira juu ya kichwa Ray Parlour wa Arsenal, watu wakacheka uwanja mzima, alikuwa amekwisha kumtoa mtu katika zamu yake.

Hatusemi kwamba hakuwa na ila. Wakati mwingine aliushika mpira kupita kiasi, na wenzake waliokuwa wakikimbia walichoka kungoja. Huko Frankfurt mwaka 1994 yeye na wenzake wawili waligombana na mwalimu wao, Jupp Heynckes, wakasimamishwa. Na mwaka 1996 timu ikashuka daraja. Akaenda Fenerbahçe ya Uturuki, akafunga magoli mengi ajabu kwa mtu wa katikati, mengine kwa mipira ya adhabu. Mwaka 1998 Paris Saint-Germain walimnunua kwa bei ambayo hakuna Mwafrika kabla yake aliyenunuliwa kwayo, lakini misimu minne ikapita bila ubingwa wa Ufaransa. Haya yote yameandikwa na hayafutiki.

Ila watu hao hufunga daftari hapo, wasifike Bolton. Mwaka 2002 mkataba wake wa Paris ulikwisha, naye akaenda bila ada katika timu hii ya Uingereza, ambayo mashaka yake makubwa yalikuwa kutoshuka daraja. Aprili 2003 Bolton walicheza na West Ham, wote wawili wakiwa katika hatari moja. Okocha aliuchukua mpira katikati ya uwanja, akakimbia nao, akawapita watu, akapiga kutoka mbali. Bolton wakashinda 1 kwa 0. Msimu ulipokwisha Bolton walikuwa na pointi 44, West Ham 42, na West Ham ndio walioshuka. Nasi tulio makarani tufanye hesabu: laiti siku ile ingalikuwa sare, Bolton wangalibaki na 42 na West Ham wangalikuwa na 43. Mji mzima uliokolewa na mbio moja ya mtu wa madaha. Akafanywa nahodha. Januari 2004, katika nusu fainali ya Kombe la Ligi, aliwafunga Aston Villa mara mbili kwa mipira ya adhabu, timu yake ikashinda 5 kwa 2. Na ingawa fainali walishindwa na Middlesbrough, mwaka uliofuata walimaliza wa sita, wakapata nafasi ya kucheza mashindano ya Ulaya kwa mara ya kwanza katika historia yao. Mtu asiyejua kazi hufanywaje nahodha wa timu ya namna hiyo kwa miaka mitatu?

Kwa nchi yake alitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1994 na medali ya dhahabu ya Olimpiki mwaka 1996, ya kwanza kwa mpira wa miguu wa Afrika. Huko Tunisia mwaka 2004, akiwa nahodha, alichaguliwa mchezaji bora wa mashindano, naye alikuwa mmoja wa waliofunga magoli mengi kuliko wote, yaani 4. Wasikilizaji wa BBC walimchagua mwanasoka bora wa Afrika mwaka 2003 na tena mwaka 2004. Lakini tuzo ya Shirikisho la Mpira la Afrika hakuipata hata mara moja mpaka akaacha kucheza mwaka 2008. Miaka hiyo miwili ilikwenda kwa Samuel Eto'o wa Kamerun, mfungaji hodari, ambaye hatuna neno juu yake. Wala hatusemi waamuzi waliwadharau watu wa katikati, maana mwaka 1998 walimpa Mustapha Hadji wa Moroko, naye alikuwa mtu wa katikati. Twasema kwamba walimwona Okocha akicheka na mpira, wakadhani mtu anayecheka hafanyi kazi. Mabwana wakubwa wa namna hiyo twawajua.

Twalisema hili kwa sababu ya vijana wetu. Katika viwanja vya shule mwalimu husimama kando, na mtoto akipiga chenga ya pili hupigiwa kelele, 'Toa mpira!', na akipiga ya tatu huondolewa. Twakubali kwamba watoto tisa katika kumi wastahili kelele hiyo. Wa kumi ndiye anayetutia wasiwasi, kwa maana baada ya mwezi mmoja atakuwa amejifunza kutoa mpira kabla hajafikiri, na hakuna atakayejua kilichopotea.

Kwa hiyo twaomba jambo dogo kwa Kamati ya Michezo. Daftari la mechi za Chama lina safu ya magoli na safu ya makosa. Iongezwe safu ya tatu, aandikwe humo kila mchezaji aliyewavuta walinzi wawili au zaidi kabla ya goli kufungwa, hata kama hakuugusa mpira wa mwisho. Karani wa mechi aweza kuipiga mistari kwa rula katika muda wa dakika 5, na gharama yake ni wino tu.