Mtoto Ndiye Anayemshika Mbwa

Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa vijijini Magu au Kwimba, mkoani Mwanza, anayemleta mbwa mara nyingi ni mtoto. Kamfunga kamba ya katani au kipande cha kanga kuukuu, na daktari wa mifugo akitoa sindano, ni yeye anayekumbatia kichwa cha mnyama, maana akishika mtu mwingine mbwa hatulii. Ng'ombe ni wa baba. Mbwa ni wa yule anayeshinda naye malishoni.

Nadai kwamba uhusiano huu unastahili wanasayansi wake, waliosomeshwa na kuajiriwa hapa kando ya Ziwa Victoria. Wengine wameshaanza kuuchunguza kwao. Mwaka 2015 Miho Nagasawa na Takefumi Kikusui wa Chuo Kikuu cha Azabu, Japani, walionyesha kuwa mbwa na mwenyewe wakitazamana machoni kwa muda mrefu, oksitosini huongezeka katika mkojo wa wote wawili. Hiyo ni homoni ileile inayoshiriki kumfunga mama na mwanawe anyonyaye. Kule Florida, mtafiti Darlene Kertes aliwapa watoto wa miaka 7 hadi 12 kazi za kuwatia wasiwasi. Waliokuwa na mbwa wao walisema wametulia kuliko waliokaa peke yao au na mzazi.

Lakini hao ni mbwa wa ndani, wanaopapaswa kochini. Wa kwetu analala karibu na zizi, anakula makoko ya ugali, anazurura. Katika nyumba nyingi za Waislamu mate yake ni najisi, na bado mbwa mlinzi hutunzwa vizuri. Anayepima mapenzi kwa kuhesabu mipapaso atakosea Mwanza. Mvulana na mbwa wanaotembea pamoja kutwa nzima bila kugusana, miili yao inasemaje? Swali hilo halijibiwi kutoka Azabu.

Kuna pingamizi zito: kichaa cha mbwa. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 na Sarah Cleaveland na wenzake yaliweka vifo vya Watanzania karibu 1,500 kwa mwaka, na Shirika la Afya Duniani linasema 4 kati ya kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto chini ya miaka 15. Kwa nini basi fedha isiende yote kwenye chanjo? Ningekuwa na shilingi moja tu, ningeinunulia chanjo. Ila lengo ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa, na mbwa hajileti. Tena mtoto anayehofu kwamba mbwa wake atauawa ana sababu ya kuficha jeraha, na dalili zikishaanza hakuna tiba. Mapenzi yaleyale yanayomleta mbwa kwenye chanjo yanaweza kumchelewesha mtoto kufika zahanati. Nani anayachunguza?

Tangu mwaka 1994, ugonjwa wa distempa ulipoua takriban theluthi ya simba wa Serengeti na mbwa wa vijijini wakahusishwa, tumejifunza mengi kuhusu mbwa kama mbeba maradhi. Mbwa kama mwenza wa mtoto hajapewa uzito huo.

Uwezo upo. Jaribio la kutibu magonjwa ya zinaa ili kupunguza maambukizi ya Ukimwi, lililochapishwa mwaka 1995, lilifanyika vijijini mkoani Mwanza. Taasisi ya utafiti wa tiba, NIMR, na hospitali ya Bugando zimezoea kukusanya sampuli na kuzitunza. Kinachokosekana ni kiti. Daktari wa mifugo aliyehitimu Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine ana wizara yake, wa watoto ana yake, na anayetaka kuwasoma mtoto na mbwa pamoja hana pa kuombea kazi. Vijana wetu huishia kuajiriwa kukusanya mate na damu za mradi wa wageni. Sampuli zinapanda ndege, mkataba unakwisha. Sokoine na Bugando wangeanza na nafasi mbili tu za uzamili kila mwaka, zenye msimamizi mmoja kila upande.

Mtafiti huyo wa kwanza akifika Kwimba, kabla hajafungua boksi la barafu, amuulize mtoto: mbwa wako anaitwa nani, na nani alimpa jina?