Jasho Si Adhabu

Utamaduni wa taifa si ngoma na mavazi peke yake. Ni pamoja na namna wananchi wanavyoitumia miili yao kila siku. Serikali yetu ililitambua jambo hilo mapema: mwaka 1962 iliundwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na mwaka 1967 likaundwa kwa sheria Baraza la Michezo la Taifa. Twayakumbusha haya kwa sababu hapa Mpanda, na katika Mkoa wa Katavi kwa jumla, wengi wetu bado twayaona mazoezi kuwa ama kazi ya wanyonge, ama sherehe ya siku moja, ama adhabu ya watoto. Mawazo hayo matatu ni potofu, na hatuna budi kuyapinga.

Kasumba hii ina asili yake. Wabelgiji walipojenga ngome yao Karema mwaka 1879, mizigo ilifika huko kwa mabega ya wapagazi. Katika misafara ya namna hiyo mnyonge alitembea, na mkubwa alipochoka alibebwa kwa machela. Hivyo jasho likawa alama ya mtumwa, na kukaa kitako kukawa alama ya bwana. Bwana alikwenda zake. Fikira zake zikabaki. Leo mtumishi aendaye sokoni kwa miguu huulizwa kama pikipiki yake imeharibika. Kitambi husifiwa kuwa ndiyo afya, na mke asiyenenepa husemwa kuwa mumewe hamtunzi.

Matunda ya fikira hizo twayaona. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2004-05 ulionyesha kwamba wanawake 18 katika kila 100 wa umri wa kuzaa walikuwa na uzito uliozidi. Uchunguzi wa mwaka 2015-16 ukawakuta 28. Uzito huo huandamana na shinikizo la damu na kisukari, maradhi yasiyobagua mjini wala kijijini.

Wako watakaotujibu kwamba watu wa Katavi ni wakulima, hawana haja ya mazoezi. Jibu hilo lina ukweli nusu. Alimaye mpunga Mpimbwe, au aingiaye msituni Inyonga kukagua mizinga ya nyuki, mwili wake unafanya kazi ya kutosha, wala hatumwambii akimbie baada ya kutua jembe. Tunasema na mwalimu, karani, mwenye duka, dereva wa bodaboda na mwanafunzi, ambao hukaa tangu asubuhi hadi jioni. Hao hawawezi kujivunia jasho la baba zao kana kwamba ni urithi wa mwilini.

Wengine watasema kwamba jambo hili limekwisha kushughulikiwa. Ni kweli kwamba mwezi Desemba 2016 viongozi wetu waliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Shabaha ilikuwa njema. Lakini siku 12 kwa mwaka haziwezi kuujenga mwili, kama vile shamba halipaliliwi kwa hotuba. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 kwa wiki, angalau. Yaani nusu saa ya kutembea kwa haraka kwa siku tano. Mtoto wa miaka 5 hadi 17 ahitaji wastani wa dakika 60 kila siku.

Wala tusidanganyane kwamba unene utayeyuka kwa juma moja. Nusu saa ya mwendo wa haraka hutumia nguvu zinazokaribiana na zile za chupa moja ndogo ya soda. Anayetembea asubuhi kisha akanywa soda mbili mchana amejirudisha nyuma. Kupunguza uzito kwataka mazoezi na kiasi katika chakula, kwa miezi mingi. Faida ya nguvu huja mapema zaidi: moyo huzoea kazi, misuli hukomaa, usingizi huwa mzuri, na uchovu wa mchana hupungua. Asemaye kwamba amechoka mno hata hawezi kufanya mazoezi, mara nyingi amechoka kwa sababu hayafanyi.

Sasa twawageukia walimu, kwani hapo ndipo lilipo shina. Mwanafunzi akichelewa, huamriwa kuzunguka uwanja mbio au kuruka kichura. Kipindi cha michezo huchukuliwa kwa ajili ya mitihani. Wavulana wakipewa mpira, wasichana hutumwa maji. Mtoto aliyefundishwa miaka yote kwamba kukimbia ni malipo ya kosa, atakuwaje mtu mzima apendaye kukimbia? Kwa mkono mmoja twahubiri afya, na kwa mkono wa pili twaipiga marufuku moyoni mwa kijana.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, akiwa Rais, alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuliunga mkono Azimio la Arusha. Hakubebwa. Mfano huo wapaswa kutosha kuizika machela.

Kwa hiyo twasema: adhabu za mbio na kichura zikomeshwe shuleni, na kipindi cha michezo kirudishwe kwa wavulana na wasichana sawasawa. Mwalimu awe wa kwanza uwanjani. Na kila mmoja wetu achague saa yake, hasa alfajiri kabla jua la Katavi halijawa kali, achague na mwenzake wa kumgongea mlango, tena aishike saa hiyo masika na kiangazi, mpaka iwe desturi isiyohitaji kuamriwa. Desturi hazikushuka kutoka mbinguni. Watu walizianza, wakazirudia, wakawarithisha watoto wao. Hii nayo na ianze kwetu.