Mbegu Moja Isitawale Mashamba Yote

Limezagaa katika maofisi mengi ya kilimo wazo kwamba mbegu bora ikishapatikana, kazi iliyobaki ni kuisambaza mpaka mkulima wa mwisho aipate. Historia ya oti katika jimbo la Iowa, huko Marekani, yaonyesha hatari ya wazo hilo.

Oti ni nafaka ya nchi za baridi, jamaa ya ngano na shayiri. Adui yake mkubwa ni ugonjwa wa kutu ya taji, uitwao hivyo kwa sababu baadhi ya mbegu za kuvu hiyo, zikitazamwa kwa hadubini, zina vijipembe kichwani mithili ya taji. Majani hutandwa na madoa ya rangi ya chungwa, yakashindwa kuulisha mmea, na punje zikabaki makapi. Upepo huichukua kuvu hiyo mamia ya maili. Tena iko miti midogo ya miiba, iliyopelekwa Marekani kutoka Ulaya ili iwe ua wa mashamba, ambayo juu yake kuvu hujamiiana na kuzaa aina mpya. Kwa hiyo mkulima hapigani na adui mmoja, bali na ukoo unaobadilika.

Mwaka 1927 ililetwa Marekani kutoka Amerika ya Kusini oti iliyoitwa Victoria, ambayo kutu ya wakati ule haikuiweza. Wataalamu waliichanganya na mbegu nyingine, wakapata aina zenye kuzaa sana. Kufikia katikati ya miaka ya 1940, karibu mashamba yote ya oti ya Iowa yalikuwa na damu ya Victoria.

Hapo ndipo balaa lilipotokea. Mwaka 1946 watafiti wa Iowa walieleza ugonjwa mpya, wenye kuvu nyingine kabisa, iliyotoa sumu iliyodhuru oti zenye damu ya Victoria peke yake. Majaribio mengi ya kutenganisha kinga ya kutu na udhaifu huo yalishindikana: chembe ya urithi iliyoukinga mmea na adui wa kwanza ndiyo, kwa dalili zote, iliyomfungulia mlango adui wa pili. Wakulima wakakimbilia mbegu zenye damu ya Bond, oti ya Australia. Haukupita muda mrefu, aina nyingine ya kutu ya taji ikaishinda Bond nayo.

Si haki kuwalaumu waliozalisha mbegu hizo. Sumu ile hakuna aliyeijua kabla. Lawama ni ya uamuzi wa kulijaza jimbo zima kinga ya namna moja, na uamuzi huo ni wa utawala kuliko wa sayansi. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Iowa State kilitoa mbegu za mchanganyiko: mimea inayofanana kwa kimo na kukomaa, lakini yenye kinga mbalimbali, hata kutu ikiushinda mmea mmoja isiushinde wa jirani. Kuzitengeneza ni kazi ndefu na ya gharama. Hata hivyo gharama hiyo ni ndogo ikilinganishwa na hasara ya jimbo zima.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya Wamarekani tu. Mwaka 1998 ilionekana Uganda kutu ya shina la ngano iliyoishinda chembe ya kinga iliyotegemewa na mbegu za ngano za nchi nyingi. Kinga hiyo ilikuwa imesifiwa kwa miaka mingi, kama Victoria ilivyosifiwa Iowa.

Afisa anayepitia makadirio ya fedha huuliza, na swali lake si la kijinga, kwa nini kituo cha utafiti kiombe fedha tena kwa kazi ya mbegu iliyokwisha kusambazwa. Na aende Njoro, Kenya, ambako ngano kutoka pande nyingi za dunia hupandwa katika vitalu na kuachiwa kutu kwa makusudi, ili ijulikane ipi itasimama msimu huu na ipi iliyosimama msimu uliopita imeanguka.