Matunda Yaliyobadilishwa Vinasaba: Tuulize Maswali Yanayofaa

Sisi wauguzi wa kliniki ya mama na mtoto tunahudumia akina mama kutoka Musoma mjini, Bunda na vijiji vya Butiama. Tunapowashauri wampe mtoto papai au viazi lishe, wapo wanaotuuliza: "Sista, si ndiyo hayo yaliyowekewa vidudu? Hayaleti ugumba?" Kuuliza si ujinga. Hatari ni pale mama anapoacha kumlisha mtoto chakula bora kwa sababu ya uvumi. Ndiyo maana tumeona tulieleze jambo hili kwa utaratibu, na kutoa maoni yetu.

Kwanza tuondoe mkanganyiko. Mbegu chotara si mbegu iliyobadilishwa vinasaba. Chotara hupatikana kwa kuchavusha mimea miwili ya jamii moja, kama wafugaji wanavyochagua dume zuri la kupandisha. Viazi lishe vya rangi ya chungwa vilipatikana kwa njia hiyo ya kuzalisha na kuchagua. Mpe mtoto bila hofu.

Bakteria anafanya nini?

Kubadilisha vinasaba ni jambo jingine. Udongoni yupo bakteria aitwaye agrobakteriamu, ambaye huleta uvimbe kwenye mashina ya miti ya matunda na mimea mingine. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa Ubelgiji na Marekani waligundua siri yake: hupenyeza kipande cha vinasaba vyake ndani ya chembe hai za mmea. Wakaona kwamba ukiondoa sehemu iletayo uvimbe na kuweka jeni unayoitaka, bakteria huyo ataibeba na kuiingiza. Mwaka 1983 mimea ya kwanza ilipatikana kwa njia hiyo.

Tusidhani kwamba ni maajabu ya maabara tu. Mwaka 2015 wataalamu walichunguza aina 291 za viazi vitamu vinavyolimwa, wakakuta zote zina jeni za bakteria wa jamii hiyo, zilizoingia zenyewe tangu zamani. Michembe waliyokula bibi na babu zetu ilikuwa nazo.

Sasa mtaalamu atajuaje kama jeni imeingia? Hapo hutumia jeni ya kutoa taarifa. Maabara ya hospitali hupaka rangi makohozi ili vijidudu vya kifua kikuu vionekane vyekundu chini ya darubini. Katika mimea, jeni moja inayotumika sana, iliyotangazwa mwaka 1987, ilitolewa kwa bakteria wanaoishi tumboni mwa binadamu. Chembe iliyoipokea hugeuka buluu ikitiwa dawa maalumu. Nyingine ilitoka kwa yavuyavu, mnyama laini wa baharini. Chembe iliyoipokea hung'aa kijani ikimulikwa. Waliofanya kazi hiyo ya yavuyavu walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2008. Jeni hizi haziongezi utamu wala mavuno. Kazi yake ni kutoa ushahidi tu.

Je, ni salama kula?

Mfano wa karibu ni papai la Hawaii. Virusi viliharibu mashamba yao, na mwaka 1998 wakulima walianza kupewa mapapai yenye kinga. Jeni yake iliingizwa kwa chombo cha kurusha chembechembe za metali, si kwa bakteria, lakini papai hilo lina ile jeni ya buluu. Limeliwa kwa zaidi ya miaka 25. Marekani, Kanada na Japani wameliruhusu. Habari za ugumba hazina ushahidi.

Hata hivyo, lipo jambo ambalo sisi wauguzi hatulipuuzi. Mara nyingi, pamoja na jeni ya taarifa, huwekwa jeni inayoufanya mmea ustahimili kanamaisini, dawa iliyotumika miaka mingi kutibu kifua kikuu sugu. Wataalamu wanasema uwezekano wa jeni hiyo kutoka katika chakula na kuhamia kwa vijidudu vya mwilini ni mdogo mno. Tunakubali. Usugu wa dawa huletwa zaidi na kununua vidonge bila cheti na kuacha dozi katikati. Lakini kwa kuwa njia za kuiondoa jeni hiyo zipo, tunaona iondolewe kabla mmea haujafika kwa mkulima.

Migomba yetu

Jirani zetu wa Uganda waliupata ugonjwa wa mnyauko wa migomba mwaka 2001. Ukavuka hadi Kagera, na Mara ikawa miongoni mwa mikoa iliyoguswa. Majani hugeuka njano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza ndani. Hakuna dawa ya kuuponya. Migomba tunayolima haizai mbegu, hivyo kuichavusha ili kupata kinga ni kazi ngumu na ndefu. Kwa hiyo watafiti wa Uganda, katika kituo cha Kawanda, walishirikiana na taasisi ya kimataifa ya IITA kutumia agrobakteriamu kuiwekea migomba jeni ya pilipili hoho. Majaribio ya shambani yalianza mwaka 2010, na baadhi ya migomba hiyo haikuugua kabisa. Bunge la Uganda lilipitisha sheria mwaka 2017, na tena mwaka 2018, lakini Rais hakuitia saini.

Kwetu Tanzania, majaribio ya mahindi yalianza Makutupora, Dodoma, mwaka 2016. Yakasimamishwa mwaka 2018, na Januari 2021 Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Profesa Adolf Mkenda, akatangaza kuzuia majaribio yote ya aina hiyo.

Maoni yetu ni haya. Kuuza kusubiri ni busara, lakini kuzuia hata jaribio la ndani ya uzio ni kujinyima majibu. Hata dawa tunazochoma wodini zilijaribiwa kwanza. Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2015 kuhusu mazingira, alisema ni vigumu kutoa hukumu moja kwa mambo yote haya. Akaonya pia juu ya ardhi kuishia mikononi mwa wachache. Kwa hiyo tuulize: chipukizi la mgomba litabaki mali ya mama anayempa jirani yake, au atalipia kila msimu? Chuo kikuu cha kilimo kinachobeba jina la Mwalimu Nyerere kimewekwa Butiama. Wananchi wa hapa wana haki ya kuelezwa mambo haya kwa Kiswahili.

Wakati tukingoja

Kwa upungufu wa vitamini A hatuhitaji kungoja maabara. Papai, embe bivu, mchicha na viazi lishe vinatosha kuanza, pamoja na vitamini A ya matone anayopewa mtoto kila baada ya miezi sita kuanzia umri wa miezi sita hadi miaka mitano.

Kwa migomba, fanyeni haya:

1. Ondoa ua dume mara mkungu unapomaliza kutoa vichana. Tumia kijiti chenye panda, si panga.
2. Pitisha panga kwenye moto au lioshe kwa jiki kabla ya kugusa mgomba mwingine.
3. Ng'oa mgomba mgonjwa mapema, na usichukue chipukizi kutoka shamba lenye ugonjwa.

Na mama akiambiwa kwamba papai lina vidudu, aje kliniki aulize kabla hajalitupa.