Mawe yetu yanapanda ndege, binti zetu je?

Kila filme inayotengenezwa juu ya Masisi na Walikale iko na msichana ndani, na sisi tunamjua hata mbele hajaonekana. Ama amebeba gunia kichwani akishuka mlima wa Rubaya, ama yuko na godoro mgongoni na mdogo wake mkononi, anakimbia. Basi, ni hao wawili tu. Msichana wa tatu, yule anayetoka nyumbani kwa sababu ana hamu ya kuona nyuma ya kilima kuko nini, huyo hatujamuona. Sisi wa sendika tunasema yuko, tena ni wengi, na tunataka ajichore mwenyewe.

Tulipoleta neno hili mbele ya wenzetu wachimbaji, wengine walikasirika. «Bantu banakufa mu mashimo, ninyi munaleta mambo ya michoro ya batoto?» Swali ni la haki. Lakini sendika haikuanzishwa kwa ajili ya bei ya kilo peke yake. Ilianzishwa juu ya maisha ya mtu anayetumika, na mtu huyo iko na binti.

Angalieni kwanza jambo hili. Walikale, pale Kilambo, kwa miaka mingi ndege zilikuwa zinatua juu ya barabara ya lami kuchukua kasiterite kwenda Goma. Watoto wa shule walisimama pembeni kutazama. Jiwe lilipanda ndege, likafika Goma, likavuka bahari. Coltan ya Rubaya inafika mpaka ndani ya telefone za dunia nzima. Msichana aliyeosha lile jiwe mtoni, safari yake ya mbali ilikuwa gani? Kwa wengi ilikuwa ya kukimbia: kwenda Sake, kwenda kambi za Goma, na mwanzoni mwa 2025 kambi zilipovunjwa, kurudi kutafuta nyumba ambayo haina tena mabati. Kiswahili chetu kinajua kutofautisha. Kukimbia si kutoroka, na kutoroka si kusafiri. Binti zetu wanajua la kwanza tangu tumbo la mama. La pili wanasingiziwa. La tatu wanaliota tu.

Kuna mama mmoja mzaliwa wa Nairobi, jina lake Wangechi Mutu, ambaye mwaka 2015 alitengeneza filme fupi ya michoro na picha zinazotembea, inaitwa The End of Carrying All. Haina maneno mengi ya kueleza. Mwanamke, ni yeye Mutu mwenyewe, anatembea juu ya nchi ya wazi na kikapu kichwani. Kila akiendelea mbele, mzigo unaongezeka. Vitu vinaingia ndani ya kikapu, vinakuwa vingi, vinakuwa vikubwa kuliko yeye, mgongo unapinda, na bado anatembea. Mwishoni si mtu tena, ni mzigo wenye miguu, na udongo unammeza. Filme hiyo ilionyeshwa Venice, Italia, mbele ya watu wenye pesa na mavazi mazuri. Sisi tunasema ingefaa kuonyeshwa Njingala na Mubi, juu ya shuka jeupe, usiku, mbele ya mama zetu waliotoa mizigo msituni. Wao hawangehitaji mtu wa kuwafasiria. Wangemwambia yule mwanamke: weka chini, mama, pumzika.

Na hapo ndipo tunaona nguvu ya kazi hii. Kamera ya kawaida ingemfuata mwanamke yule na kuonyesha jasho lake. Mchoro unaonyesha kile anachokisikia ndani.

Mwingine ni Ng'endo Mukii, naye wa Kenya. Mwaka 2015 alifanya This Migrant Business, filme fupi juu ya wale wanaofanya biashara ya kuvusha watu wa Pembe ya Afrika, jinsi mtu mwenye hamu ya kwenda anavyogeuzwa kuwa bidhaa njiani. Halafu mwaka 2023, ndani ya mkusanyo wa filme kumi za Afrika unaoitwa Kizazi Moto, akatoa Enkai: mtoto wa kike wa kimungu, anajifunza kuumba kwa mama yake, mpaka anagundua dunia ya watu na jinsi tamaa ilivyoiharibu. Mzazi wa Rubaya akiona ile, atajua inaongea juu ya kilima gani.

Tunataja This Migrant Business makusudi. Wazazi wengi wanatuambia: mkimfundisha msichana kuchora safari, kesho ataondoka kweli, atapotea Kampala au Uarabuni. Jamani, si wanaondoka tayari! Wanaondoka na mtu aliyewaahidi kazi ya restora karibu na kare ya migodi, wanaondoka na bwana ambaye hata baba hajui kabila wala nyumba yake. Hakuna aliyewauliza wanataka kwenda wapi na kufanya nini. Msichana anayechora safari yake mezani, mbele ya wenzake na mwalimu, ameshaisema kwa sauti, na mnaweza kubishana naye. Yule anayeificha ndani, tapeli ndiye wa kwanza kuisikia.

Kuna sababu ingine, na wachimbaji wataielewa haraka. Kwetu kuonyesha sura ni hatari. Rubaya iko mikononi mwa M23 tangu mwisho wa Aprili 2024, Walikale mjini waliingia Machi 2025 wakatoka baadaye, na kati ya hapo kuna vikundi ambavyo jina lao ni afadhali tusiandike. Mama akiongea mbele ya kamera leo, kesho anatafutwa. Mchoro hauna sura ya mtu. Unaweza kuchukua sauti yake, hata ukaisomesha na mwingine, na juu yake ukaweka ndege, mto, kivuli cha karatasi. Ukweli unabaki, mwenye kuusema analala kwake.

Na nani ashike kazi? Mwaka 2022 Bernadette Vivuya wa Goma, pamoja na Kagoma Ya Twahirwa, walitoa Stop Filming Us But Listen, kumjibu mzungu aliyekuja Goma na kamera. Jina lenyewe linatosha. Kule Lubumbashi, Frank Mukunday na Tétshim walitengeneza Machini mwaka 2019, filme ya dakika kumi hivi juu ya mji unaomezwa na migodi, na wakatumia mawe madogo kuchezesha watu wake. Mawe! Tunawapongeza sana ndugu zetu wa Katanga. Lakini hao ni wanaume, na wanawake wanaotwanga na kuosha mawe wana habari yao ambayo mwanaume hawezi kuwasemea.

Msidhani inaomba mashine za Ulaya. Lotte Reiniger, mwanamke wa Berlin, mwaka 1926 alimaliza filme nzima ya farasi anayeruka na mtoto wa mfalme anayezunguka dunia, na vyombo vyake vilikuwa mkasi, karatasi nyeusi, taa chini ya kioo, na mabati membamba ya risasi, ile metali. Leo kamera iko ndani ya telefone. Unaifunga juu ya meza isitikisike, unasogeza kikaratasi kidogo, unapiga picha, unasogeza tena. Picha 12 kwa segonde moja zinatosha. Dakika moja basi ni picha 720. Mtu ambaye ameosha mchanga siku nzima apate kijiko cha kasiterite hataogopa hesabu hiyo. Subira kwetu haijawahi kukosekana.

Pesa nayo ipo. Kodi ya migodi, sheria ya 9 Machi 2018, inasema asilimia 15 ya redevansi ibaki kwa entité ya mahali, yaani sekta au shefferi ambapo kompani inachimba. Walikale iko na kompani kubwa ya bati pale Bisie. Sisi hatuombi jumba la sinema. Tunaomba ndani ya ile mipango ya sekta, kando ya shule na vituo vya afya ambavyo tunavidai pia, iwekwe chumba kimoja chenye meza tano, panele moja ya jua, taa, na mama mmoja mwenye kulipwa kuangalia wasichana wasisumbuliwe wakirudi nyumbani. Huyo mama msimsahau kwenye hesabu, maana bila yeye hakuna mzazi ataruhusu. Kwa Masisi, kwa wakati huu, hatutaki kudanganya mtu: hakuna ofisi ya kupelekea barua. Huko tutaanza na parokia na makanisa yenye kukubali, na mchango wa kooperative.

Somo la kwanza tumeshapatana: kila msichana atachora kilima cha kwao, halafu karatasi ya pili, kile anachofikiri kiko upande wa pili. Mwenye telefone ya zamani ambayo kamera ingali nzima, hata kama kioo kimepasuka, tunamwomba asiiuze kwanza.